Barua ya wazi kwa wasimamizi wa elimu ya afya ya mama na mtoto: hesabuni alichoweza mama

Waheshimiwa,

Mkifungua daftari la elimu ya afya katika vituo vingi mtakuta tarehe, mada iliyofundishwa, jina la mfundishaji na idadi ya waliohudhuria. Mwisho wa mwezi namba hizo hujumlishwa, zikapandishwa ngazi baada ya ngazi hadi mezani kwenu, nanyi mnasoma kwamba maelfu ya akina mama wamepata elimu ya kuhara, ya lishe, ya unyonyeshaji. Tunaandika kwa sababu namba hiyo haiwaambii mnachotaka kujua. Inawaambia ni watu wangapi walikuwa wamekaa kwenye benchi wakati mtu fulani anazungumza.

Hatusemi elimu haina nguvu. Ina nguvu kiasi kwamba ikikosewa huua. Kuanzia miaka ya 1950 vitabu vya malezi na wataalamu wa nchi tajiri waliwashauri wazazi wawalaze watoto wachanga kifudifudi, kwa hofu kwamba aliyelala chali akicheua atapaliwa. Wazazi wakatii, na vifo vya ghafla vya watoto usingizini vikaongezeka. Uingereza ilipoanza kampeni ya kugeuza ushauri huo mwaka 1991, na Marekani mwaka 1994, kwamba mtoto alazwe chali, vifo hivyo vilipungua kwa nusu au zaidi katika miaka iliyofuata. Haikuletwa dawa mpya wala mashine. Ilibadilishwa sentensi moja. Lakini tazameni ni sentensi ya namna gani: inataja tendo moja, mzazi analiweza mwenyewe usiku huohuo, halimgharimu kitu, na ukimwuliza kesho kama amelifanya atajibu bila kubabaika. Sasa ichukueni mada yoyote kwenye ratiba zenu mwone kama inafaulu mtihani huo. Kipindi cha asubuhi cha dakika 20 chenye mada 10 kinaipa kila mada dakika 2, na humo mna salamu na kilio cha watoto.

Tuanze na kuhara, maana ndiko elimu ya maneno matupu inakoumbuka haraka.

Pakiti ya ORS, yaani unga wa chumvi na sukari wa kurudisha maji mwilini kwa anayeharisha, inayotumika sasa ina gramu 20.5: chumvi ya kawaida 2.6, glukosi 13.5, kloridi ya potasiamu 1.5 na sitreti 2.9, zote kwa lita 1 kamili ya maji. Uwiano huo haukuchaguliwa kwa kubahatisha. Glukosi na chumvi hupita pamoja kwenye ukuta wa utumbo na kuyavuta maji nyuma yake. Maji yakiwa pungufu, chumvi inazidi mwilini, mtoto anaona kiu kali na anaweza kushikwa na degedege. Maji yakizidi, kinywaji kinakuwa hafifu na hakirudishi kilichopotea. Anayeongeza sukari ili mtoto apende ladha anayavuta maji kuingia tumboni, na kuhara kunazidi. Anayegawa pakiti nusu kwa jicho ili kubana matumizi hajui nusu ipi imebeba chumvi. Makosa yote haya hufanywa na mama aliyehudhuria kipindi, akasikia “changanya kwa lita moja”, kisha akarudi nyumbani ambako hakuna chombo kilichoandikwa lita moja.

Kwa hiyo somo lenyewe liwe hivi. Mama aje na chombo chake cha nyumbani. Mfundishaji apime lita 1 kwa chupa inayojulikana, amimine ndani ya chombo hicho, na mama mwenyewe atie alama pale maji yalipofika. Afungue pakiti, aimwage yote, akoroge hadi chembechembe ziishe, aonje. Kisha anyweshe kwa kikombe au kijiko: kila mtoto anapoharisha, aliye chini ya miaka 2 apewe mililita 50 hadi 100, mwenye miaka 2 na kuendelea mililita 100 hadi 200. Akitapika, asubiri dakika 10, aanze tena taratibu zaidi. Kilichobaki baada ya saa 24 kimwagwe. Pakiti zikikosekana, vijiko 6 vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chai cha chumvi, vyote vilivyosawazishwa, kwa lita 1 ya maji salama, na hapa mama afanye mwenyewe mbele ya macho ya mfundishaji, kwa sababu anayebadilisha nafasi ya chumvi na sukari anatengeneza sumu. Somo hili haliwezekani kwa watu 60. Linawezekana kwa 5 au 6.

Na hata akichanganya sawasawa, kosa kubwa bado linamsubiri mbele. Mama anategemea dawa ya kuhara ikomeshe kuhara. ORS haikomeshi, inarudisha maji na chumvi wakati kuhara kunaendelea na safari yake. Asipoambiwa hivyo waziwazi, jioni ya siku ya kwanza atatazama, ataona choo bado ni maji, ataamua kwamba pakiti haifanyi kazi, na atakwenda kutafuta vidonge. Zinki, vidonge vya madini vinavyotolewa pamoja na ORS, nayo huangukia shimo hilohilo kwa upande wa pili: mtoto hupewa miligramu 20 kwa siku, au 10 akiwa chini ya miezi 6, kwa siku 10 hadi 14. Kuhara kukikoma siku ya tatu, vidonge vilivyobaki huwekwa akiba kwa ajili ya mtoto mwingine. Mama hajakaidi. Hakuelezwa kwamba zile siku za ziada ndizo zinazopunguza uwezekano wa kuharisha tena katika miezi miwili au mitatu inayofuata.

Mnaweza kusema haya hayapimiki kwa wingi. Yamepimwa. Nchini Bangladesh, kuanzia mwaka 1980, shirika la BRAC lilituma wafundishaji wanawake nyumba kwa nyumba kwa miaka 10, wakazifikia kaya zaidi ya milioni 12. Chumvi ilipimwa kwa ncha za vidole vitatu, sukari guru kwa konzi, na mama alichanganya mwenyewe wakati mfundishaji anatazama. Mambo ya kukumbuka yalikuwa 10, wakaona ni mengi, wakayashusha hadi 7. Kilichotuvutia zaidi ni mshahara: malipo ya mfundishaji yalitegemea kile akina mama walichokumbuka na walichoweza kuchanganya pale mkaguzi alipofika baadaye kwenye baadhi ya nyumba. Mfundishaji hakulipwa kwa kusema, alilipwa kwa kueleweka. Hata hivyo mwanzoni wengi walijua lakini hawakutumia. Ilipochunguzwa, ilionekana kwamba baadhi ya wafundishaji wenyewe hawakuiamini dawa wanayoifundisha, na kwamba wanaume, wenye kauli ya mwisho nyumbani, hawakuwa wameambiwa lolote. Yote mawili yalirekebishwa kwa kuwaeleza wafundishaji jinsi inavyofanya kazi mwilini, na kwa kuitisha mikutano ya wanaume. Hakuna bango lililotatua hayo.

Tugeukie kalenda, kwa sababu kuna pengo ambalo liko wazi na bado limeachwa. Ratiba ya chanjo inayofuatwa na nchi nyingi humleta mtoto kituoni akizaliwa, wiki ya 6, ya 10, ya 14, kisha mwezi wa 9. Kati ya wiki ya 14 na mwezi wa 9 ndipo mtoto anapotimiza miezi 6, yaani siku anapoanza kula. Somo la chakula cha nyongeza linalotolewa mwezi wa 9 linamkuta mama ameshaanza, na ameshazoea, kwa miezi mitatu au zaidi. Linalotolewa wiki ya 14 linasahaulika, au baya zaidi linaharakishwa: mama anaanza mwezi wa 4 kwa sababu ndipo aliposikia habari zake. (Nchi zinazotoa chanjo ya malaria kuanzia mwezi wa 5 zimepata bahati hapa. Tunaomba zisiichezee kwa kumchoma mtoto sindano na kumwambia mama aende.) Kwingineko nyongeza ya vitamini A, ambayo dozi yake ya kwanza ya yuniti 100,000 hutolewa kuanzia miezi 6, inaweza kuwa sababu ya kumwita mama. Tunachoomba ni hudhurio moja rasmi kati ya mwezi wa 5 na wa 6, lenye bakuli, kijiko na chakula halisi mezani.

Katika hudhurio hilo mambo ya kuonyesha hayazidi matatu. La kwanza ni uzito wa chakula. Tumbo la mtoto mdogo linabeba takriban mililita 30 kwa kila kilo ya mwili wake, hivyo wa kilo 8 hujaa kwa mililita 240 hivi. Akipewa chakula kilichozimuliwa hadi kinywewe, anashiba maji. Kinachofaa kinakaa juu ya kijiko kilichoinamishwa bila kumiminika. La pili ni kiasi na mara: miezi 6 hadi 8, aanze na vijiko 2 au 3 vya chakula apande hadi nusu ya kikombe cha mililita 250, mara 2 hadi 3 kwa siku, miezi 9 hadi 11, nusu kikombe mara 3 hadi 4, kuanzia mwaka mmoja, robo tatu ya kikombe hadi kikombe kizima, pamoja na kitu kidogo kati ya milo. Maziwa ya mama yanaendelea hadi miaka 2 na zaidi. La tatu ni mkono wa anayelisha: kungoja, kumtazama mtoto machoni, kutomshindilia. La tatu halina namba, na kwa sababu hiyo limetoweka kwenye miongozo mingi iliyofupishwa.

Unyonyeshaji tunaupitia kwa ufupi, si kwa kuwa ni mdogo. Kila mtu anajua kauli ya “maziwa ya mama pekee miezi 6”. Wachache wanajua kwa nini mama anayeijua anampa mtoto maji mwezi wa pili. Mara nyingi ni kwamba titi linauma au mtoto analia, naye anasoma kilio hicho kuwa maziwa hayatoshi. Anapompa kitu kingine mtoto ananyonya kidogo, titi linalonyonywa kidogo linatengeneza kidogo, na wiki mbili baadaye hofu yake imekuwa kweli. Dawa yake iko mkononi mwa mkunga saa ya kwanza na siku ya tatu: mdomo wa mtoto umefunguka sana, kidevu kimegusa titi, mdomo wa chini umegeuka nje, na sehemu nyeusi ya titi inaonekana zaidi juu ya mdomo kuliko chini yake. Chuchu ikitoka kinywani imebonyea kama ncha ya kalamu, pakato limekosewa, lirudiwe. Na mama apewe kipimo chake cha kujua kama yanatosha: baada ya wiki ya kwanza, mtoto anayekojoa mara 6 au zaidi kwa siku anapata maziwa. Kipimo hicho kinatuliza kuliko hotuba nzima juu ya faida za kunyonyesha. Mtoto hahitaji maji hata wakati wa joto, kwa kuwa maziwa yenyewe karibu asilimia 88 ni maji. Semeni sababu hiyo, maana katazo lisilo na sababu halistahimili neno moja la bibi mwenye uzoefu.

Bibi huyo mualikeni. Elimu inayomlenga mama peke yake inamfanya abebe maarifa asiyo na mamlaka ya kuyatumia. Ujumbe unaohitaji fedha, usafiri au ruhusa ya mtu ambaye hakuwepo kwenye kipindi haujafika.

Dalili za hatari zinafundishwa kama shairi la kukariri. Zinafaa kufundishwa kwa macho. Mtoto asiyeweza kunyonya wala kunywa, anayetapika kila kitu, aliyeshikwa na degedege, aliyelegea au asiyeamka: hizo nne mama hutambua akizisikia. Anayopata shida nayo ni kupumua haraka, dalili ya nimonia. Mtoto awe ametulia, nguo ipandishwe hadi tumbo na kifua vionekane, mipumuo ihesabiwe dakika 1 kamili, si nusu dakika mara mbili, kwa sababu mtoto mdogo hapumui kwa mwendo mmoja. Mipumuo 60 au zaidi kwa aliye chini ya miezi 2, 50 kwa wa miezi 2 hadi 11, 40 kwa wa mwaka 1 hadi 5. Si lazima kila mama ahesabu, lakini kila mama aonyeshwe, kwa video kwenye simu ya mhudumu, kifua kinachobonyea ndani chini ya mbavu kila mtoto anapovuta pumzi. Akishakiona mara moja atakitambua tena.

Vivyo hivyo utepe wa kupimia mkono. Kwa watoto wa miezi 6 hadi 59, mzingo wa chini ya sentimita 11.5 ni nyekundu, utapiamlo mkali. Kati ya 11.5 na 12.5 ni njano. Tafiti zilizofanyika Niger zimeonyesha kwamba akina mama waliofundishwa wanapima karibu sawa na wahudumu wa afya ya jamii, na watoto wao hufikishwa kwenye matibabu mapema zaidi. Makosa ni mawili tu ya kuyaangalia: kuvuta utepe hadi ngozi ikunjamane, na kupima karibu mno na bega au kiwiko badala ya katikati. Utepe ni kipande cha plastiki. Kuufungia kabati la kituo hadi siku ya kampeni ni jambo tusiloweza kulielewa.

Sasa vikundi vya wanawake, ambavyo tungependa mvisome kwa makini wakati wa kupanga bajeti. Huko Makwanpur, Nepal, matokeo yaliyochapishwa mwaka 2004 yalionyesha vifo vya watoto wachanga vimepungua kwa asilimia 30 pale wanawake walipokutana kila mwezi, wakiongozwa na mwanamke wa hapohapo asiye mtaalamu wa afya, wakataja matatizo yao, wakachagua mbinu, wakazitekeleza, wakazitathmini. Bangladesh walijaribu hivyohivyo kwa kikundi kimoja kwa kila watu 1,400 hivi, na hakukuwa na tofauti ya kuaminika. Waliporudia kwa kikundi kimoja kwa kila watu 300 hivi, vifo vya wachanga vikashuka kwa asilimia 38. Uchambuzi wa mwaka 2013 uliojumlisha majaribio ya nchi kadhaa ulikuta kwamba faida inaonekana wazi pale angalau asilimia 30 ya wajawazito wanaposhiriki, na Shirika la Afya Duniani likapendekeza vikundi hivyo mwaka 2014. Maana yake kwenu ni hesabu ya kawaida: mkikata bajeti ya vikundi nusu, hamtapata nusu ya matokeo. Huenda msipate kitu. Ni afadhali kata moja iwe na vikundi vya kutosha kuliko wilaya nzima kuwa na cha maonyesho.

Watoto wenyewe. Mpango wa Mtoto kwa Mtoto ulianzishwa mwaka 1978 katika Chuo Kikuu cha London, kwa wazo kwamba watoto wakubwa ndio walezi wa wadogo zao katika nyumba nyingi. Wazo zuri, na limechakachuliwa mara nyingi. Linachakachuliwa mwanafunzi anapofundishwa wimbo wa kunawa mikono katika shule ambayo choo kiko upande huu, bomba upande ule, na sabuni iko ofisini. Anajifunza vizuri sana, ila anachojifunza ni kwamba kunawa ni jambo la kuimba. Bomba liwe hatua chache kutoka mlangoni pa choo, sabuni iwepo, mwalimu anawe pale pale. Baada ya hapo wimbo ni hiari. Linachakachuliwa pia mtoto wa miaka 10 anapotumwa nyumbani kuwakosoa wazazi. Kazi inayomfaa ni ya kuchunguza: ahesabu ni wadogo wangapi wa darasa lake wameharisha mwezi huu, darasa lijadili kwa nini, litende jambo moja, kisha lihesabu tena. Ni somo la hesabu na la afya kwa wakati mmoja, na halihitaji kitabu kipya.

Mkitaka uhalali wa kulipia haya, mnao. Azimio la Alma-Ata la mwaka 1978 lilipoorodhesha vipengele vya huduma ya afya ya msingi lilitanguliza elimu. Mkataba wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989, ibara ya 24, unazitaka serikali zihakikishe kwamba wazazi na watoto wanapata taarifa na elimu, na kwamba wanasaidiwa kutumia maarifa hayo. Kutumia ndilo neno lisilo na safu kwenye daftari.

Tunaomba safu mbili ziongezwe. Ya kwanza: katika kila kipindi, wangapi walitenda kwa mikono yao mbele ya mfundishaji na wakapatia. Swali la “mmeelewa?” lifutwe, kwa kuwa hujibiwa “ndiyo” na kila mtu, mahali pake mama aulizwe, “ukifika nyumbani utamweleza nani, na utamwambiaje?” Ya pili: wiki 4 baadaye, wachaguliwe kwa kura akina mama 10 kati ya waliofundishwa, mtu mwingine asiye mfundishaji awatembelee, awaombe watende tena. Wakipatia 8 au zaidi, somo lisonge mbele. Wakipungua, somo lirudiwe, na anayeulizwa ni mfundishaji na vifaa alivyopewa, wala si mama, ambaye akikaripiwa mbele ya wenzake hatarudi hata kwa chanjo. Vipindi vitapungua idadi kwenye taarifa zenu za robo mwaka. Msishtuke, na msimwandikie barua ya onyo mkuu wa kituo.

Safu hizo zinaingia kwenye daftari hilohilo mlilonalo, kwa rula na kalamu.

Ni sisi,
wafundishaji wa elimu ya afya ya mama na mtoto